Unaficha habari ndani ya picha, halafu picha inarudi vile ilikuwa: inawezekanaje?

Tuseme mama fulani amepigwa picha ya kifua hospitali moja huko Busia, na hapo hakuna daktari wa kusoma hizo picha, yule wa kuzisoma ako Kisumu, kwa hivyo picha inatumwa kwa mtandao. Inafika kama faili. Jina la mgonjwa, namba yake, tarehe, mashine iliyotumika, vyote hivyo viko mwanzoni mwa faili, haviko ndani ya picha yenyewe, na mtu akiifungua na programu nyingine akaisevu kama picha ya kawaida, zile habari zinabaki nyuma na sasa uko na kifua kisicho na mwenyewe. Tena kwenye folda yenye vifua vingine mia vinavyofanana.

Jibu linalokuja haraka ni kwamba basi ziandikwe ndani ya picha, kwa pikseli zenyewe, vile vinukta vidogo vinavyounda picha, ndio popote picha inaenda na habari zinaenda. Sawa, lakini jaribu kumwambia daktari wa picha kwamba umegusa pikseli zake. Huyo mtu anatafuta kakivuli ambako tofauti yake na kilicho kando ni kidogo sana, na hata ukimwapia kwamba hayo mabadiliko hayaonekani kwa macho, siku kesi ikifika kortini wakili atauliza swali moja tu: hii ndiyo picha mashine ilitoa, ama ni ile mliguza?

Hapo ndipo wotamaki inayorudishika inaingia, yaani alama inayofichwa ndani ya picha na inayoweza kutolewa tena bila kuacha doa. Habari inawekwa ndani, pikseli zinabadilika, picha inasafiri, ikifika habari inatolewa na picha inarudi vile ilikuwa, pikseli kwa pikseli. Si ati karibu sawa. Ni ile ile. Watu wengi wakisikia hivi mara ya kwanza wanadhani kuna kopi ya picha ya zamani imefichwa mahali, lakini hakuna, na ndiyo sababu nimeona hii kitu inafaa kuelezwa polepole.

Tuanze na picha yenyewe. Kwa kompyuta picha ni namba tu, zimepangwa kwa mistari. Picha ya rangi ya kijivu ya kawaida, kila pikseli ni namba kati ya 0 na 255, 0 ni nyeusi tititi na 255 ni nyeupe pepepe. Ya rangi iko na namba tatu kwa kila pikseli, nyekundu, kijani na bluu. Picha za hospitali mara nyingi zinaenda mbali zaidi, biti 12 (biti ni tarakimu moja ya kompyuta, 0 ama 1) kwa pikseli, yaani ngazi 4096 za kijivu, lakini hesabu ni ile ile kwa hivyo hapa nitabaki na 255.

Njia ya zamani ya kuficha, hii ambayo utaipata kwa kila video ya "jinsi ya kuficha meseji ndani ya picha", ni kutumia biti ya mwisho. Chukua pikseli yenye namba 142, kwa biti inaandikwa 10001110. Unataka kuficha 1, basi ile sufuri ya mwisho unaitoa unaweka 1, inakuwa 10001111 ambayo ni 143. Ungetaka kuficha 0 ungeiacha. Jicho la mtu haliwezi kutofautisha 142 na 143, na ukipita pikseli zote hivyo unaweza kuingiza mashairi mazima. Kutoa ni rahisi pia, soma tu biti za mwisho.

Shida iko hapa: yule anayepokea ameona 143, amejua kulikuwa kumefichwa 1, lakini hajui kama pikseli ilikuwa 142 ikasukumwa ama ilikuwa 143 tangu mwanzo ikaachwa. Ile biti ya zamani imefutwa na hakuna mahali imeandikwa. Kwa picha ya harusi, nani anajali? Kwa eksirei, ama kwa picha ya ajali pale Salgaa ambayo itaenda kwa bima na kwa hakimu, hiyo biti moja ndiyo inakufanya ushindwe kusema kwa mdomo mkavu kwamba hii ndiyo ile.

(Kuficha ujumbe si mambo ya kompyuta bana. Herodoto wa Wagiriki aliandika habari za Histiaeus, aliyemnyoa mtumwa kichwa, akamchora ujumbe kwa ngozi, akangoja nywele ziote ndio akamtuma. Huyo mtumwa hakurudishika, ukifikiria, kwa sababu chale hazikutoka.)

Sasa nafasi inatoka wapi? Ukitaka kuingiza habari mpya na bado ubaki na uwezo wa kurudisha ya zamani, lazima nafasi ipatikane mahali, haitoki hewani. Inatoka kwa ile tabia ya picha ya kujirudiarudia. Pikseli na jirani yake kwa kawaida wanakaribiana, anga ni anga, ukuta ni ukuta, na penye kujirudia panaweza kubanwa, na ukibana kitu nafasi inabaki. Hiyo ndiyo siri yote, karibu kila mbinu nitakayotaja hapa chini ni njia tofauti ya kufinya hiyo nafasi.

Wa kwanza kwanza walikuwa kina Barton, patenti yake Marekani ilitoka 1997, na baadaye Jessica Fridrich na wenzake kule Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, mwaka 2001 wakaiweka vizuri zaidi. Wazo lao: chukua biti zote za mwisho za picha, zibane kama vile unabana faili ya zip, zikipungua hiyo nafasi iliyobaki ndiyo unaweka ujumbe wako. Mpokeaji anatoa ujumbe, anafungua zile biti zilizobanwa, anazirudisha mahali pake. Safi kabisa kwa karatasi. Lakini biti za mwisho za picha ya kamera ni kelele tupu, hazina mpangilio, na kelele haibaniki, kwa hivyo unalazimika kupanda hadi biti ya tatu ama ya nne kutoka mwisho kupata kitu kinachobanika, na ukifika huko mabadiliko yanaanza kuonekana. Watu wa Kodak nao mwaka huo wa 2001 walikuwa na patenti yao ya kujumlisha alama kwa mtindo wa saa, ukipita 255 unarudi 0, ambayo inarudishika bila shida yoyote ila tu pikseli nyeupe sana inageuka nyeusi ghafla, na picha inakuwa na madoa ya chumvi na pilipili. Mimi hiyo naiheshimu kwa ujasiri tu.

Halafu 2003 akaja Jun Tian na kitu kizuri mpaka leo sijaona mbinu nyingine inayoelezeka kwa kalamu na karatasi namna hii. Shika kalamu kweli, usisome tu.

Chukua pikseli mbili zilizokaa pamoja, 142 na 138. Hesabu vitu viwili: wastani wao, 140, na tofauti yao, 4. Ukiwa na wastani na tofauti unaweza kurudisha pikseli zote mbili, kwa hivyo hakuna kilichopotea. Sasa chukua ile tofauti, izidishe mara mbili, 8, halafu ongeza biti unayotaka kuficha. Tunaficha 1, inakuwa 9. Wastani usiuguse. Jenga pikseli upya kutoka kwa wastani 140 na tofauti mpya 9: ya kwanza inakuwa 145, ya pili 136. Hizo ndizo unaandika kwa picha.

Mpokeaji ameona 145 na 136. Wastani: 281 gawa kwa mbili, tupa nusu, 140. Umeona? Wastani haujasonga. Tofauti: 9. Ni witiri, kwa hivyo biti iliyofichwa ni 1, ingekuwa shufwa ingekuwa 0. Gawa 9 kwa mbili, tupa nusu, unapata 4, tofauti ya zamani. Wastani 140 na tofauti 4 zinarudi kuwa 142 na 138. Umetoa ujumbe na umerudisha picha kwa pumzi moja na hakuna kopi imefichwa mahali popote.

Ujanja ni kule kuzidisha mara mbili. Namba yoyote ukiizidisha mara mbili inakuwa shufwa, kwa hivyo biti yake ya mwisho lazima iwe sufuri, haina kazi, na hiyo nafasi isiyo na kazi ndiyo unakalia. Kwa kila jozi ya pikseli unapata biti moja. Picha ya 512 kwa 512 iko na pikseli 262,144, jozi 131,072, yaani ukienda mpaka mwisho ni kama kilobaiti 16. Kurasa kadhaa za maandishi. Kwa jina la mgonjwa na namba yake hiyo ni nafasi ya kumwaga.

Lakini kuna bei. Hapo juu nimechagua jozi nzuri makusudi. Kama picha ni ya ziwa ukiwa Dunga asubuhi, maji na anga, majirani wengi tofauti yao ni 1, 2, 3, ukiizidisha mara mbili hakuna mtu ataona kitu. Sasa piga picha Kibuye siku ya soko, kwenye mitumba, shati jeupe limelaliwa na suruali nyeusi, suruali nayo imelaliwa na kanga, na uchukue jozi ya 190 na 100. Wastani 145, tofauti 90, zidisha ongeza 1 inakuwa 181, na pikseli zinatoka 236 na 55. Hizo si pikseli zilizosukumwa kidogo, hizo zimerukishwa, na ukingo wa kila nguo unaanza kuwa na ukoko. Kwa hivyo programu yenye akili inachagua jozi zenye tofauti ndogo kwanza na Kibuye inaiacha mpaka ikosekane njia nyingine. Ndio maana hakuna jibu moja kwa swali la "picha inaweza kubeba kiasi gani", inategemea picha ni ya nini.

Shida nyingine ni kufurika. Jozi ya 254 na 250, wastani 252, tofauti 4, ficha 1 inakuwa 9, na pikseli ya kwanza inataka kuwa 257. Hakuna 257, namba zimeisha kwa 255. Hiyo jozi lazima irukwe. Sawa, umeiruka, lakini mpokeaji atajuaje uliruka ipi na ukatumia ipi? Unamchorea ramani, biti moja kwa kila jozi, hii nimetumia hii sijatumia, ramani inabanwa na inaingizwa ndani ya picha ile ile pamoja na ujumbe. Yaani sehemu ya nafasi yako inaliwa na maelezo ya jinsi ulivyotumia nafasi yako. Wanaosoma mambo ya kaunti hapo watacheka, lakini bila ramani hakuna kurudisha, na karatasi nyingi zilizoandikwa baadaye kuhusu hii mbinu ni za watu wanaotafuta njia ya kuifanya hiyo ramani iwe ndogo.

Mbinu ya pili kubwa ni ya Ni, Shi na wenzao, 2006, na inatumia histogramu. Histogramu ni ile chati inayoonyesha ni pikseli ngapi zina namba gani, hata simu nyingine za siku hizi zinaionyesha ukiwa unapiga picha. Kila picha iko na kilele, namba inayotokea mara nyingi kuliko zote, na mara nyingi iko na namba ambayo haitokei kabisa. Tuseme kilele ni 154 na namba isiyo na mtu ni 190. Unafanya vile makanga wa matatu ya Kisumu–Busia anafanya abiria wakizidi: songeni, songeni, kila mtu kiti kimoja nyuma. Pikseli zote kuanzia 155 mpaka 189 zinaongezwa moja, ile 190 tupu inakaliwa, na 155 inabaki wazi. Sasa pita kwa picha kutoka juu kushoto, kila ukikutana na 154, kama unataka kuficha 0 iache, kama ni 1 ifanye 155.

Kurudisha: pita tena, ukiona 154 andika 0, ukiona 155 andika 1 na uirudishe 154, halafu wote kuanzia 156 mpaka 190 rudisha nyuma moja. Kwisha. Hakuna pikseli imesonga zaidi ya hatua moja, na ndio maana ubora wa picha iliyobeba ujumbe hauwezi kushuka chini ya desibeli 48 kwa kile kipimo chao cha kulinganisha picha, ambayo kwa macho ni kama hujaigusa. Nafasi unayopata ni sawa na idadi ya pikseli zilizo kwa kilele, si zaidi. Kwa picha za kawaida hiyo ni ndogo kuliko ya Tian. Lakini fikiria ile eksirei ya mama wa Busia: pembeni kote ni nyeusi, mwili haukufika hapo, kwa hivyo 0 inarudiwa mara maelfu kwa maelfu na kilele kinakuwa kama minara. Picha za hospitali zinapenda hii mbinu vibaya, na tena habari inakaa kule pembeni kweusi ambako daktari hata haangalii. Mpokeaji lazima ajue kilele kilikuwa kipi na nafasi tupu ilikuwa ipi, hizo namba mbili zitumwe ama zifichwe nazo, na kama picha haina namba tupu kabisa unachukua ile yenye watu wachache na unaandika walikuwa wamekaa wapi.

Baada ya hapo kazi nyingi zimekuwa kuchanganya hizi mbili. Thodi na Rodriguez, 2007, walisema kwa nini nitumie tofauti ya pikseli na jirani mmoja wakati naweza kubahatisha pikseli kutoka kwa majirani kadhaa, halafu nitumie kosa la hiyo bahatisho. Kosa huwa dogo kuliko tofauti, na dogo ndilo tunataka. Ukisikia mtu anazungumzia mbinu ya kisasa karibu yote ni hii, ikipambwa.

Kuna tawi moja lazima niliguse kwa sababu linahusu hospitali zetu. Mwaka 2011 Xinpeng Zhang alionyesha unaweza kuingiza habari kwa picha ambayo tayari imefungwa na ufunguo, isionekane na asiye nao, na wewe unayeingiza huna ufunguo wenyewe. Yaani hospitali inafunga picha, inaipeleka kwa seva ya mtu mwingine, na jamaa wa seva anaweka namba ya faili ndani bila kuona kifua cha mtu. Anagawa picha kwa vyumba vidogo, kila chumba pikseli nusu zinageuzwa biti tatu za mwisho, nusu ya huku kwa 0 ama nusu ya kule kwa 1, na mpokeaji baada ya kufungua anajaribu zote mbili na kuchagua ile inayotoa picha laini. Ni ujanja mtamu lakini kuna neno "anachagua" hapo ndani: vyumba vikiwa vidogo sana anaweza kuchagua vibaya, na biti ikikosewa hata picha inarudi na doa. Mimi kwa toleo lile la kwanza singeweka eksirei ya mtu. Waliokuja baadaye wanatenga nafasi kabla ya kufunga picha, na hapo kurudisha kunakuwa kwa uhakika.

Sasa, unaficha nini hasa? Jina na namba ni sawa, lakini kitu cha maana zaidi ni hashi. Hashi ya SHA-256 ni namba ya biti 256 inayotoka kwa pikseli zote, ukibadilisha pikseli moja tu namba yote inageuka. Mashine ya Busia inapiga hashi ya picha, inaitia saini ya kidijitali, inaiingiza ndani ya picha. Kisumu wanatoa, wanarudisha picha, wanapiga hashi wenyewe, wanalinganisha. Zikilingana, hii ndiyo picha ilitoka kwa mashine. Zisipolingana, kuna mtu aliingia katikati, ama mtandao uliharibu.

Angalia hapo vizuri. Kwa mbinu ya biti ya mwisho hii haiwezekani, kwa sababu ukishaingiza hashi umebadilisha picha, na picha iliyobadilika hashi yake ni nyingine, unajifukuza mwenyewe kwa duara. Ni kwa sababu unaweza kurudi kwa picha ya kwanza ndio hashi ya picha ya kwanza ina maana. Kwangu hii ndiyo sababu ya kweli ya hii teknolojia kuwepo.

Kijana mmoja anayesoma kompyuta huko Maseno aliniuliza, "Lakini mwalimu, si ningetuma tu hashi kando, kwa faili nyingine? Ya nini sarakasi zote hizi?" Ni swali zuri na jibu la ukweli ni kwamba mara nyingi ungefanya hivyo tu. Mfumo wa DICOM, ule ambao picha za hospitali karibu zote zinatumia, uko na mahali pa saini. Kama picha haitoki nje ya mfumo, tumia hiyo na ulale. Wotamaki inafaa pale ambapo picha inahamahama, kutoka programu hii kwenda ile, inasevwa PNG, inachomwa kwa CD mgonjwa apewe kwa bahasha ya kahawia, na vile vitu vya kando vinabaki njiani. Hata kwa korti, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kuhusu jinsi rekodi ya kielektroniki ilivyotolewa, na pikseli zikiwa na hashi safi ndani hazitakuondolea hicho cheti, zitakupa tu kitu cha kusimamia ukiulizwa.

Na hapa kuna kitu watu wanakikosea kila siku. Hii wotamaki ni laini, na imetengenezwa iwe laini. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha, WhatsApp inaibana upya kwa JPEG, pikseli karibu zote zinasonga, ujumbe umekufa, na picha nayo hairudi tena, sasa uko na picha iliyoharibika mara mbili. Hata ukichagua HD bado inabanwa. Itume kama dokumenti, hapo inapita baiti kwa baiti. Skrinshoti ni kifo vilevile, na kuikata pembeni ama kuigeuza kidogo iwe wima pia. Kwa kazi ya kuthibitisha hiyo ndiyo unataka, muhuri unaovunjika ukiguswa. Lakini wenye studio pale Nakuru, Kenyatta Avenue, wanaotaka alama ibaki hata mtu akiiba picha yao akaiweka Facebook, hii si dawa yao. Wao wanataka wotamaki ngumu, jamii ya ile SynthID ambayo Google DeepMind ilitoa 2023 kwa picha za akili bandia, inayojaribu kuishi hata picha ikibanwa na kukatwa. Ile haijatengenezwa kukurudishia picha ya kwanza, kazi yake ni kukataa kutoka. Mtu akikuuzia programu moja inayofanya yote mawili kikamilifu muulize maswali mengi.

Jambo la siri pia tuliweke wazi. Kuficha si kufunga. Kerckhoffs, mtaalamu wa maandishi ya siri, alisema tangu 1883 kwamba uhesabu adui anajua mbinu yako yote, kinachobaki siri ni ufunguo peke yake, na hizi mbinu ziko wazi mtu yeyote anaweza kusoma. Ile ya histogramu hata inajitangaza: badala ya kilele kimoja kirefu kuna viwili vimesimama bega kwa bega, mtu mwenye jicho anaona mara moja. Kwa hivyo jina la mgonjwa lifungwe kwanza na ufunguo, ndio liingizwe.

Na tena, kuna mtego mmoja ambao sijaona ukizungumzwa vya kutosha. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kama data nyeti. Sasa hospitali inataka kuwapa watafiti eksirei elfu kadhaa, mtu wa kompyuta anafuta majina yote mwanzoni mwa kila faili, anasema tayari, hazina majina. Lakini kama miaka miwili nyuma kuna mtu aliweka mfumo wa wotamaki, majina bado yako ndani ya pikseli, yanasafiri kimya kimya, na yule anayefuta hata hajui yapo. Kabla ya kuanza kuficha chochote lazima pawe na mahali pameandikwa kwamba picha hizi zimebeba, ufunguo uko kwa nani, na kwamba zikitoka nje zinarudishwa kwanza vile zilikuwa ndio zipelekwe.

Ukitaka kujaribu mwenyewe huhitaji mashine kubwa. Paithoni na maktaba ya Pillow zinatosha, chukua picha ya kijivu ya PNG, usitumie JPEG kwa sababu itakuharibia ukisevu, andika ile ya histogramu kwanza kwa sababu haina ramani kubwa, ficha sentensi moja, itoe, rudisha. Halafu ukifika mahali pa kuhakikisha usilinganishe hashi za mafaili. PNG mbili zenye pikseli zile zile kabisa zinaweza kutoa hashi tofauti kwa sababu programu moja imebana hivi na nyingine vile, na utakaa usiku mzima ukitafuta kosa ambalo halipo. Fungua zote mbili, soma pikseli zake, halafu piga hesabu ya kutoa, pikseli ya hii kwa pikseli ya ile, na jibu liwe sufuri kuanzia juu kushoto mpaka chini kulia.